Samaki Niliyemleta kutoka Mombasa

Kwetu Isiolo mtu akirudi safari haulizwi kwanza ameleta nini. Anakalishwa mkekani, anapewa chai ya maziwa ya ngamia, kisha wazee wanamngoja atoe habari: mvua imenyesha wapi, nyasi ziko wapi, nani amezaliwa na nani amekufa. Neno la msafiri ni ushahidi. Watu huhamisha mifugo kwa neno hilo.

Mwaka jana nilirudi kutoka Mombasa mikono mitupu. Kule nilikuwa mlinzi wa ghala la saruji. Usiku nalinda, mchana nalala, na bahari niliionea dirishani mwa basi tu. Wazee wakaja nyumbani kwa mama, kijijini Burat, wakanywa chai, wakanitazama. Habari sikuwa nayo hata moja. Uso uliniwaka, basi nikawapa samaki.

Nilisema nilimwona kwa macho yangu, mrefu kupita msikiti na mnara wake, na akifunua kinywa maji yanaingia kama mto Ewaso uliofurika. Nikasema ni wa ukoo wa yule aliyemmeza Nabii Yunus. Mzee mmoja akauliza kama anakula watu. Ulimi hauna mfupa. Nikajibu kwamba boti nzima yenye watu haimshibishi. Wakasema subhanallah. Mama akanitazama kwa fahari ambayo sikuwa nimeiona tangu nimalize shule, nami nikafurahi, mjinga mimi.

Habari ikatembea mpaka sokoni. Kila nilipoulizwa nilimwongezea samaki kitu, mara pembe, mara mkia wa pili.

Asubuhi moja akaja jirani yetu, mjane anayeuza maziwa mjini. Mwanawe, niliyecheza naye mpira utotoni, alikuwa ameondoka kutafuta njia ya Ulaya. Simu yake ya mwisho ilitoka Libya, akasema kesho wanapanda boti. Tangu siku hiyo hapatikani. Mtaa mzima ulijua, na mimi nilijua. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko uongo wenyewe: nilipokuwa nikiijaza boti watu ili samaki wangu ale, yule kijana hakunijia akilini hata kidogo.

Mjane huyo alikataa chai. Aliketi, akavuta mtandio wake vizuri, akauliza kwa upole:

"Hiyo samaki uliona, inameza mtu mzima ama inatafuna?"

Nikaanza kukunja ncha ya mkeka. Akadhani sijaelewa, akanieleza polepole. Yunus alimezwa mzima, akaomba humo tumboni, Mungu akamtoa. Kwa hivyo kama inameza, yeye ataendelea kuomba na kungoja. Kama inatafuna, ni vizuri aambiwe tu, awaite watu wamsomee mwanawe hitima, apumzike.

Nikamwambia ukweli wote, mama yangu akisikia. Kwamba sikuona samaki yeyote, wala bahari yenyewe sikuikaribia. Nililinda saruji, na mengine nilitunga kwa kuona haya ya kurudi bila habari. Mama aliinama juu ya ungo, akaanza kuchagua mawe kwenye mchele ambao alikuwa ameshauchagua. Nilitamani anitukane.

Jirani alinisikiliza mpaka mwisho. Aliinuka, akaniwekea mkono kichwani kama mtu anayebariki mtoto.

"Mama yako alikulea vizuri," akasema. "Umeona uchungu yangu, ukaamua unidanganye eti hakuna samaki."

Nilimfuata hadi kwenye ua wa miiba nikiapa kwa jina la Mungu. Alitikisa kichwa tu, akaniambia nisijitie dhambi kwa sababu yake.

Ijumaa hiyo hitima ilisomwa uani kwake. Nilienda mapema kutandika mikeka, nikitaka kukaa nyuma kabisa. Wazee wakasogea, wakanipisha mbele karibu na shehe, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiona bahari.