Shuka Jekundu Shambani kwa Baba

Kwenye kadi yangu imeandikwa Mshauri wa Mawasiliano na Mitandao ya Kijamii. Ofisi ni chumba kimoja Sombetini, Arusha, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na kazi yenyewe ni kuwasaidia watu wadanganye kwa picha nzuri. Mwenye gesti ya Olasiti anataka dirisha lake lionyeshe Mlima Meru, ilhali linatazama ukuta wa jirani. Mwenye saluni anataka wafuasi. Ukimuuliza wafuasi hao watamfaa nini, anakuona mjeuri. Wote wana mpwa anayeijua kazi hii, na wote wamekuja kwangu baada ya mpwa kuharibu.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mwenye kampuni ya utalii, mtu wa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Bila yeye ofisi ingefungwa, na hilo tulilijua sote wawili. Alipotaka kuanzisha ziara za mashamba ya kahawa, nikampeleka mlimani kwa baba yangu.

Baba ni Mmeru wa kahawa na migomba, mzee wa usharika, mtu ambaye hata kukatia ng'ombe majani anavaa koti. Mteja alimkagua kuanzia kofia hadi viatu kama anayechagua ndizi sokoni.

"Mzee yuko poa, ila picha haiuzi," akaniambia pembeni. "Mgeni akija Arusha anataka Mmasai."

"Hili ni shamba la Mmeru."

"Mgeni anajua hilo?"

Nilikuwa na majibu kumi. Badala yake nilikwenda kwenye gari nikachukua shuka jekundu nililolitumia kwenye picha za hoteli fulani, nikamwomba baba alivae, picha moja tu.

"Basi mama, kama ndiyo kazi yako," akasema; ndivyo anavyoniita mimi bintiye.

Nikamfunga shuka begani mimi mwenyewe, nisiyejua hata linavyofungwa. Mmasai yeyote angetucheka mpaka akae chini.

Picha ikasambaa kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Watu wa mbali, wasioujua mbuni wala mbuyu, wakaandika chini yake kwamba wameiona hekima ya Afrika. Watu wa karibu hawakuandika kitu. Jumapili, nje ya kanisa, walimsalimia baba kwa Kimasai na kumuuliza mifugo imeshuka malisho gani. Haya aliniambia mama kwa simu. Baba mwenyewe hakulalamika. Niliona aibu kweli, lakini picha sikuifuta.

Wageni wa kwanza walikuwa mume na mke, watu wazima wenye kofia pana. Tulipofika nao baba alikuwa amevaa suti ya kanisani, viatu vinang'aa. Kwenye trei alikuwa amepanga kahawa mbivu, iliyokaushwa na iliyokaangwa, ili awaeleze mwenyewe hatua kwa hatua. Nikamwamkia. Wageni wakampa mkono vizuri, kisha wakawa wanatazama nyuma yake. Yule mke akanionyesha ile picha kwenye simu na kuniuliza, kwa upole kabisa, Mmasai atafika saa ngapi.

Mteja akanikazia macho. Siku hiyo ndiyo alikuwa aamue kama tunaendelea au tunaachana. Ilitosha niseme kwamba huyu ndiye mwenye shamba, na lile shuka ni ujinga wangu na wa mteja. Nimeendesha semina nzima nikifundisha watu kusema ukweli kwa sentensi fupi. Nikainama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Baba hakungoja. Aliweka trei chini, akaingia ndani, akarudi amejifunga shuka nililoliacha pale, kombokombo, juu ya shati jeupe la kanisani. Akawapita wageni, akaja mbele yangu kama kibarua aliyeandikwa asubuhi hiyo.

"Mama," akaniuliza, "nisimame wapi?"