Mama wa Baba Yangu

Baba yangu ananiita mwaitu, yaani mama. Si utani. Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake, na akishapewa jina hilo, basi amekuwa yule mama. Bibi yangu alifariki miezi michache kabla sijazaliwa, kwa hiyo nilipofika nilipokelewa kama mtu aliyekuwa safarini. Baba hakuwahi kunichapa. Kaka yangu alichapwa kwa makosa yake na mengine ya kukisiwa. Mimi nilipoangusha redio ya baba ikapasuka, alisimama na fimbo mkononi, akanitazama, akatoka nje akaichapa fensi.

"Huyu mama mkwe ataniharibia nyumba," mama yangu alinung'unika.

Watu hudhani mtoto asiyechapwa huota pembe. Mimi nilikuwa mwoga kuliko wenzangu wote. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la utafiti kule Kiboko, na kila aliporudi nyumbani Mbumbuni alinikalisha kwenye kigoda akanipa habari zake: amegombana na mwenzake kazini, amelala Jumapili badala ya kwenda kanisani. "Usinikasirikie, mwaitu," angesema. Sikuwa hata nimeng'oka jino la kwanza. Nilijifunza kukunja uso kidogo, kisha kuukunjua, naye angeshusha pumzi. Nani angethubutu kuiba sukari baada ya hapo? Mzee mzima alikuwa anautegemea wema wangu.

Siku hizi nafundisha saikolojia chuoni, Kwa Vonza, na kila mwaka nafika kwenye somo la dhamiri. Nawaambia wanafunzi kwamba, kwa nadharia ya wachanganuzi wa nafsi, mtoto huzaliwa na tamaa tupu, hana hakimu ndani yake. Hakimu huja baadaye. Mtoto anaogopa kupoteza penzi la mzazi, basi anaimeza sauti ya mzazi ili imkanye hata mzazi asipokuwepo. Sauti ile hukaa ndani, na mzazi akifa haifi. Tena, nasema, mtoto hamezi mzazi tu, humeza hata ile sauti iliyokuwa inamkanya mzazi mwenyewe, na ndivyo wafu wanavyoendelea kutulea. Hapo huwa nasita, maana nayajua hayo kwa ngozi yangu. Wanafunzi wanataka tu kujua kama yatakuja kwenye mtihani.

Mwaka jana baba alipata kidonda kwenye kidole cha mguu. Ana ugonjwa wa sukari, na kidonda kikakataa kupona. Daktari akasema mguu ukatwe upesi, la sivyo sumu itapanda na tutampoteza. Baba akakataa. Kaka yangu akamleta mchungaji, ambaye aliomba kwa sauti kubwa, akaondoka na kuku, na baba akabaki na msimamo wake.

Kaka akanipigia simu. "Wewe ndiye mama yake. Kuja umwambie."

Nilimfokea. Nilimwambia mimi ni mtaalamu, kazi yangu ni kumsaidia mtu aielewe sauti iliyo kichwani mwake, siyo kuiigiza. Siwezi kujifanya marehemu mbele ya mgonjwa. Nilijiona mwadilifu sana.

Nikaenda Mbumbuni na utaalamu wangu. Chumba kilinuka kidonda. Niliketi kando ya kitanda nikamwuliza anaogopa nini hasa, kwa ile sauti laini tunayofundisha. Akanieleza. Alipokuwa kijana anaondoka kutafuta kazi, mama yake alimtemea mate kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki, akamwambia: nimekuzaa mzima, urudi kwangu mzima.

"Sasa nikifika huko na mguu moja," baba akasema, "nitamwambia nini?"

Nikamfafanulia. Nilisema ile ni kumbukumbu tu, kwamba maneno ya baraka yamegeuka amri ndani yake, na kwamba aliyeyasema hawezi tena kukasirika. Alinisikiliza kwa adabu, jinsi alivyozoea kumsikiliza bwana shamba anapomweleza habari za mvua.

"Umesoma vizuri," akasema, na kugeukia ukutani.

Nilirudi Kwa Vonza nikafundisha wiki nzima bila kujua nasema nini. Kaka akapiga simu tena: weusi umepita kifundo cha mguu, na baba ameanza kuweweseka. Nikapanda gari siku hiyo hiyo. Nilikuwa na hasira njia nzima, na baba kwa ukaidi wake, na bibi ambaye sikuwahi kumwona, na mimi mwenyewe.

Niliingia sikuketi. Nikamwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo mama yake peke yake alilitumia, na ambalo mimi sikuwahi kulitamka maishani.

"Mwanangu," nikamwambia kwa Kikamba, "huo mguu niliuzaa mimi. Waache waukate. Utakuja na mmoja, na nitakupokea."

Nikainama, nikamtemea mate kidogo kifuani. Nilikuwa nimejiandaa kuigiza, na sikuwa naigiza. Nilimaanisha kila neno. Nilimpenda wakati ule kama mtu niliyemnyonyesha.

Baba akalia kwa kwikwi, mdomo wazi, bila kujifunika uso. Mimi niliyemwita baba tangu nianze kusema, dakika ile sikuwa na baba, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kaka akakimbia kutafuta gari.

Alikatwa mguu siku iliyofuata, na akapona. Lakini tulipokuwa bado tunasubiri gari, nikimfunga vifungo vya shati, alinitazama kwa macho ya mtoto aliyeachwa sokoni.

"Mwaitu," akauliza, "mbona ile siku ulikuja, ukakaa hapa karibu na mimi, ukaongea maneno yote, na hiyo neno moja ukaninyima?"