Mtori wa Moto Hadi Kimandolu

Mwezi wa saba huku kwetu si mchezo. Mlima Meru unajifunika ukungu, baridi inakuingia hadi kwenye meno. Na ndipo wifi yangu, mke wa kaka, akajifungua! Mjukuu wa kwanza wa mama. Jamani, tulirukaruka.

Kwetu Wachaga mzazi hupewa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, tena wa moto, ili maziwa yatoke. Mpishi ni mama, ila goti lilimkatalia safari. Akapika kwake Maji ya Chai, mimi nikafunga sufuria kwa kitenge, nikapanda basi hadi kwa wifi, Kimandolu. Nikafunua mbele ya wifi kwa mbwembwe. Wapi! Mafuta yameganda juu, meupe. Wifi akaonja kijiko kimoja, akageukia ukutani, akalia. Tangu ajifungue hakuwa amekula cha maana, na kichanga kikinyonya hakipati kitu. Niliumia, acha tu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa jikoni kwa mama, nimenuna. Mtori ulikuwa unachemka, ndani yake mwiko na kijiko cha chuma. Nikashika kijiko. Uwiii! Nusura nikitupe dirishani. Nikashika mwiko wa mti: mpole kabisa. Moto ule ule, mtori ule ule! Nikasimama pale nanyonya vidole, akili ikafunguka. Kumbe chuma ni mbea: kikipewa joto, mbio kwenda kulitoa nje. Na sufuria ya alumini ndiyo mbea mkubwa. Mti ni mchoyo. Basi mtori wangu ulitaka kuzungukwa na wachoyo!

Nikakimbilia shambani, nikakusanya majani makavu ya migomba, wachoyo wengine hao. Nikayajaza kwenye tenga la ndizi, nikaizika sufuria katikati ingali inatokota, juu nikafunika blanketi kuukuu.

"Unafungasha mtori au mayai?" mama akacheka.

"Mama, wewe subiri simu."

Kwenye basi wakaniuliza kama nimebeba kuku anayeatamia. Nikawaambia ndiyo, na asisumbuliwe. Lakini kila nikipapasa tenga kwa nje, lilikuwa baridi. Nikajua nimeaibika tena, na wifi atalala njaa.

Kimandolu nikafukua majani. Nikagusa mfuniko, ukanichoma! Mvuke ukajaa chumbani. Wifi akajiinua, akapiga funda moja, akashtuka.

"Wifi, umeniunguza!"

Hakuweka bakuli chini. Alipuliza, akanywa, jasho likamtoka, akanyoosha bakuli aongezewe. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, simu nimeishika juu chini.

"Mama! Kaungua ulimi!"

Huko Maji ya Chai mama akapiga kigelegele, na nikasikia kigoda kikianguka. Alikuwa amesimama, kasahau goti.