Zita na Nyumba Isiyoingiwa

Baridi ya kijiji chetu cha Tumati, huku milimani, mwezi wa sita ni ya kukomoa watu. Ng'ombe akikamuliwa alfajiri, maziwa yanatoka yameshaganda, na anayebisha aende akakamue mwenyewe. Ni katika baridi hiyo Zita, binti wa mzee Sulle, alikuwa akijifunza uhostesi wa ndege. Ndege yenyewe alikuwa ameiona tumbo tu, ikipita juu. Lakini mwendo aliujua: debe la maji kichwani, kidevu juu, tabasamu kwa mbuzi wa kulia, tabasamu kwa mbuzi wa kushoto. Wale mbuzi wakawa wanyenyekevu kuliko abiria wowote.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne, amechaguliwa kwenda cha tano, anasubiri tu shule zifunguliwe. Mama yake alipochoka kumwona akiwatabasamia mbuzi, akamkabidhi kwa Mama Judica, mhudumu wa afya wa kijiji, ajitolee. Zita akakubali upesi. Alikuwa amesikia kwamba wenye ndege wanapenda mtu mwenye cheti cha kujitolea. Akabeba mzani wa watoto mgongoni, wakazunguka nyumba hadi nyumba: nani ana chandarua, nani hajapeleka mtoto chanjo, mjamzito gani anakwepa kliniki.

Ndipo Konsolata, mke wa Yonas, akajifungua mtoto aliyelia kidogo tu, akanyamaza moja kwa moja.

Nyumba iliyofiwa namna hiyo, Wairaqw wanasema imeingia metimani. Wenyewe wanakaa peke yao. Hawachoti kwenye chemchemi ya wote, hawaombi moto kwa jirani, hawaonekani kanisani wala mnadani, na hakuna anayekanyaga kwao mpaka wazee waseme imetosha. Hata wanaosali kila Jumapili wanaishika, kwa sababu anayeivunja anaubeba msiba ule kwenda nao kwake. Yonas akawa anachunga ng'ombe nyuma ya mlima, asikutane na mtu, anarudi jioni. Mama Judica akampa Zita kazi ya kupeleka maji: aweke kwenye kona ya njia, aite, arudi nyuma mpaka kwenye mti wa mgrivea.

"Dada Konso, maji!"

"Nani huyo, hostesi? Mbona hujaniuliza nakunywa soda gani?"

"Soda zimeisha. Wazungu wa mbele wamezimaliza."

"Basi shusha ndege yako taratibu, kuku wangu wamelala hapo!"

Konsolata alikuwa akitoka, shuka begani, anachukua dumu bila kumtazama. Siku moja alikaa chini palepale karibu na dumu akauliza, "Eti Zita, huko juu mtu akilia, mnampa nini?" Zita alirudi nyumbani bila kumtabasamia mbuzi hata mmoja.

Siku zilizofuata akawa anamsumbua Mama Judica kwa maswali. Damu nyingi ni kiasi gani? Homa ya mzazi inaanzaje? Mama Judica akacheka, "Wewe sasa unataka kuninyang'anya mkoba!"

Kisha ikaja asubuhi ambayo Konsolata hakutoka.

"Weka tu, mdogo wangu," alisema kutoka ndani. "Leo nimechoka."

"Unasikia homa, dada?"

"Nasikia baridi. Tumati nani hasikii baridi?"

Zita akasimama pale kwenye mgrivea. Meno ya Konsolata yalikuwa yanagongana; aliyasikia mpaka njiani. Alijua. Mguu ulitaka kwenda, na mguu ukakataa. Akakimbia kwa Mama Judica.

"Ni homa, mama. Twende tuingie."

Mama Judica akaweka chini jembe. "Wazee waulizwe kwanza. Mzee Hermani, mkubwa wao, yuko kwenye harusi Masieda, atarudi kesho. Tukiingia hivihivi, hakuna nyumba itakayotufungulia tena, na hao wajawazito wengine utawapimia wapi?"

Haikuwa roho mbaya. Hata Zita aliona kuna maana. Akalala na maana hiyo, na kulipokucha ikawa haimtoshi. Akaenda, akapita kona, akapita mgrivea, akasukuma mlango.

Konsolata alikuwa anawaka kama jiwe la jikoni. Yonas alikuwa amepiga magoti kando, kitambaa cha maji mkononi, maana hata yeye hakuruhusiwa kwenda kumwita mtu. Wakamfunga kwenye blanketi na miti miwili, wao wawili peke yao, wakaanza kushuka kuelekea zahanati. Watu waliokutana nao waliingia mashambani kuwapisha. Chini ya mteremko Yonas alisimama, akaomba waiweke machela chini. Hapakuwa tena na haja ya kuharakisha.

Zita, kwa kuwa aliingia na kumshika, naye akatengwa, kwenye kibanda pembeni ya shamba la baba yake. Shule zikafunguliwa. Wenzake walipita na masanduku yao, wakimpungia mkono kwa mbali.

Jioni moja Sulle akasimama upande wa pili wa mahindi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nafasi yako ya shule imepotea, mwanangu."

"Nataka uuguzi, baba. Na ukunga."

"Mkunga aliyewahi kuingia kwenye metimani? Watu watakukimbia."

"Wameshakimbia, baba. Si unaongea na mimi kutoka huko?"

Sulle akakohoa. Hakusogea karibu, lakini msimu wa mavuno alimpeleka chuoni yeye mwenyewe.

Leo Zita ni muuguzi katika zahanati moja bondeni. Mama akifiwa na mtoto, yeye huwafuata wazee siku hiyohiyo, anakaa mlangoni kwao mpaka wachoke naye wamruhusu kuingia. Wengine bado wanamkataza, na wapo wanawake wanaomtaka awazalishe lakini hawamtaki ale kwao. Likizo hupanda Tumati kuwaona wazazi. Njia ya mkato inapita uani kwa Yonas. Zita hajausahau ule usiku aliolala badala ya kuingia; huzunguka mlima wote, hata mvua ikinyesha.