Tembo Katika Ramani ya Baba

Nimechoka. Nasema waziwazi, maana watu hupenda kusema kumlea mzazi ni thawabu tupu, kama vile thawabu haiumi mgongo. Mama yangu kumbukumbu zimeanza kumpotea, na kazini wameshaniambia: rudi au acha. Wasaidizi wawili niliowaleta hapa nyumbani Al Khoudh, huku kwa Waarabu tulikohamia, wote kawafukuza. Akaja wa tatu, mwanamke wa makamo kutoka Uganda. Huyu naye akitoka, basi, kazi nshaiaga.

Ukumbini tumetundika ramani ya Afrika ya marehemu baba, ya Kiingereza, ya zamani mno, imepigwa chapa kwa bamba la shaba na rangi zikatiwa kwa mkono. Walioichora walikaa kwao London, hawajatia mguu Afrika. Pwani wameijaza majina, na huko ndani wasikokujua wameweka ndovu. Baba akiipenda kweli. Mimi naona inakusanya vumbi tu, na anayelifuta ni mimi.

Asubuhi ya kwanza mgeni wetu akaisogelea, akatabasamu.

"Mama, kwenu kuna tembo wengi."

Mama akakiweka kikombe chini. Kwa watu wa bara, tembo ni ndovu. Kwetu sisi watu wa Unguja, tembo ni pombe ya mnazi.

"Kwetu hapanywewi tembo," mama akasema. "Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo, akisomesha Kurani. Mtoe huyu."

Nikaeleza, nikarudia kueleza: tembo wake yeye ni ndovu, mama, mnyama. Mgeni naye akafahamu kosa lake, akacheka kidogo, akaweka kidole juu ya ndovu mmoja katikati ya ramani, pahala pasipo na jina.

"Mimi kwetu ni hapa, mama."

Mama akainuka, akatazama kwa karibu, akatafuta.

"Hawakukuandika," akasema. "Maskini."

Akampisha kwenye kochi, akamshika mkono. Alhamdulillahi, nikasema moyoni, kazi yangu imesalimika. Nilitaka kulia kwa faraja.

Kisha mama akanitupia jicho, akainama sikioni mwa mwenziwe. Lakini mama hajui kunong'ona.

"Wewe kaa na mimi. Yule bibi kachoka, mwambie arudi kwao, kwa mama yake."