Mkunga na Kozi wa Ghorofa ya Kumi

Mama mkubwa ndiye aliyesema fundi ateremshwe. Naanza na hilo kwa sababu watu waliokuwa barabarani asubuhi ile walisimulia vingine. Walisema mafundi rangi hawana utu, na fundi mwenyewe, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliwaacha waseme. Mimi nilikuwa dirishani, bega kwa bega na mama mkubwa, na nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwenye simu: "Mteremshe tu. Wamepitisha tarehe."

Ni dada wa mama yangu, mkubwa wao wote. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na sita, na wanawake wa kliniki walimbandika jina la Mama Tarehe, kwa kuwa hakuna aliyetoka chumbani mwake bila kupewa tarehe. Alikuwa na kalenda ya duara ya karatasi ngumu, akiizungusha kwa kidole gumba huku akikuuliza siku zako za mwisho zilianza lini. "Tarehe tisa," angesema. "Ukijivuta sana, kumi na moja. Usisafiri." Na wengi walijifungua tarehe tisa. Hadi leo wapo wanaomsimamisha sokoni na kumsukumia mbele jitu lenye ndevu: "Mama Tarehe, huyu hapa wa tarehe tisa!" Jitu linainamisha kichwa kwa haya, na mama mkubwa analikagua kama bidhaa aliyoitengeneza mwenyewe.

Alipostaafu alikuwa mjane, na mimi ndoa yangu ilikuwa imekwisha bila mtoto, basi nikahamia kwake, ghorofa ya kumi na moja. Kazi yangu ni kusahihisha prufu za vitabu vya shule kabla havijachapwa, na naifanyia kwenye meza ya kulia chakula. Meza hiyo inatazama dirisha, dirisha linatazama jengo la ofisi ng'ambo ya barabara, na kwenye ukingo wa ghorofa ya kumi ya jengo hilo, juu ya kokoto na vumbi, bila hata kijiti kimoja cha kiota, ndipo kozi wawili, ndege wa mawindo, walipofanya makao yao.

Aliyetuambia kuwa ni kozi ni bwana mmoja wa makumbusho. Alipanda ghorofa zote kumi na moja kwa ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imekufa, akaketi akihema, akamwomba mama mkubwa awe jicho lake. Alimwachia darubini ya miguu mitatu na daftari. Tangu siku hiyo daftari likawa kama faili la wodi. "Saa 1:10, mama katulia. Saa 2:00, baba kaleta njiwa. Saa 2:20, mama kakataa kula." Yule dume mdogo alimwita shemeji. Jirani wa ghorofa ya tisa, ambaye alianika nguo kwenye kibaraza, alikuwa akipaza sauti kutoka chini: "Mama Tarehe! Shemeji yako kaniangushia mguu wa njiwa juu ya shuka!"

"Ushukuru! Wengine wananunua nyama!"

"Basi mwambie kesho alete paja!"

Miaka miwili ya kwanza tuliwagundua makinda wakiwa wameshaanguliwa, kwa hiyo hakukuwa na cha kuhesabu. Mwaka wa tatu alikuwa na darubini mapema. Tarehe tatu ya mwezi wa nane jike alisimama kujinyoosha, na chini yake kukaonekana yai moja, jekundu kama kutu. Mama mkubwa alinishika mkono kwa nguvu hadi kalamu ikaniponyoka. Akampigia bwana wa makumbusho hapo hapo. Bwana akamwambia kwamba kozi huatamia siku thelathini na tatu, na makinda hukaa kama wiki sita kabla ya kuruka. Mama mkubwa akashukuru, akakata simu, akahesabu. Hakuuliza siku hizo zinaanzia wapi. Kwa mkunga hesabu huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kabla mimba yenyewe haijatunga. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha wengine. Akaandika: kuanguliwa, tarehe tano mwezi wa tisa. Kuruka, tarehe kumi na saba mwezi wa kumi. Yai la pili likaja, kisha la tatu. Tarehe hazikuguswa.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa alitolewa mtoto wa jicho. Alilala wiki nzima na bandeji jicho la kulia, na daftari likawa kwangu. Tarehe tano nilitazama kutwa: hakuna. Tarehe sita hakuna. Asubuhi ya tarehe kumi jike aliinuka, na katikati ya maganda mawili nikaona kitu cheupe, chenye unyevu, kinachotikisa kichwa kikubwa kuliko mwili. Nilikaa chini. Sijui niseme nini kuhusu dakika zile, ila kwamba chai yangu ilipoa na sikuinywa.

Nikaandika: tarehe kumi, saa mbili na nusu, kinda wa kwanza.

Alipotolewa bandeji alisoma daftari, akavuta kalamu, akapiga mstari juu ya sentensi yangu. Juu yake akaandika: tarehe tano.

"Mama, nilikuwepo. Nimemwona ndiyo kwanza ametoka kwenye yai."

"Umemwona siku ulipomwona. Katoka tarehe tano."

"Alikuwa na maji maji bado."

"Mwanangu," akasema kwa upole, na upole ndio uliouma, "wewe hujawahi kuona mtoto akizaliwa."

Ni kweli sikuwahi. Nikarudi kwenye prufu zangu. Sikio halipiti kichwa, nilijiambia, na nilipata hata nafuu fulani katika kukubali kwamba sijui.

Katika wiki hizo ndipo msimamizi wa jengo la ofisi alipokuja kwetu. Alikuwa mtu muungwana, aliyeshika kofia mkononi. Jengo lilitakiwa kupakwa rangi, mafundi walikuwa tayari, na alikuwa amesikia kuna mama mmoja anayewajua ndege wale. "Nipe siku moja tu, mama. Nitawazuia watu wangu mpaka siku hiyo."

"Kumi na saba wataondoka. Anza kumi na nane."

"Nikiongeza wiki?"

"Ya nini? Nimeshakwambia kumi na saba."

Tarehe kumi na saba ilifika, na makinda watatu walikuwa bado ukingoni. Walipigapiga mabawa, lakini kichwani na mapajani walibaki na vinyoya vya utotoni, vyeupe, kana kwamba mtu amewamwagia unga. Nilimwonyesha mama mkubwa.

"Naona," akasema. "Wanadeka. Anayepitisha tarehe husaidiwa."

Asubuhi iliyofuata, saa tatu, simu ililia. Nilimsikia msimamizi vizuri, kwa sababu ana sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio juu. "Mama, nawaona bado wapo. Niseme wasubiri?"

Nilimtazama mama mkubwa. Nilikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa neno fupi, na sikulisema. Ndipo akasema lile nililoanza nalo.

Jukwaa la mafundi lilianza kushuka kutoka paani, likining'inia kwenye kamba mbili, likiwa na watu wawili na ndoo zao. Lilipita ghorofa ya kumi na nne, ya kumi na tatu, ya kumi na mbili. Jike aliruka akaanza kuzunguka angani akilia, ke-ke-ke-ke, mlio ambao kwa miaka mitatu sikuwahi kuusikia. Makinda walibanana ukutani. Kivuli cha jukwaa kilipogusa ukingo, wa kwanza akaruka.

Hakuruka kwa maana ya kuruka. Alijitupa. Alipiga mabawa kama mtu anayezama anavyopiga maji, akaserereka pembeni, akaangukia bati la kibanda cha mlinzi na kubaki hapo. Wa pili alimfuata papo hapo. Huyu alielekea kwetu. Nilimwona uso kwa uso, macho makubwa meusi, mdomo wazi. Kisha upepo wa barabarani ukamgeuza, akajigonga kwenye kioo cha ghorofa ya sita, na kutoka hapo akashuka kama kitambaa kilichoponyoka kwenye kamba. Gari lilifunga breki. Wa tatu hakutoka. Fundi alipiga kelele jukwaa livutwe, likavutwa.

Mama mkubwa alikuwa ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa ikisogea, na nilipomsogelea nikasikia kwamba alikuwa akihesabu. Alikuwa akirudia hesabu, tangu tarehe tatu ya mwezi wa nane, siku moja moja.

Tulishuka. Sikumbuki lifti kama ilikuwa nzima au mbovu. Kinda wa barabarani alikuwa amefunikwa gazeti, na watu walikuwa wamezunguka wakimfokea fundi aliyeshushwa hadi chini. Mwanamke mmoja alikuwa akimwambia, "Ungekuwa mwanao je?" Fundi alikuwa ameinama, mikono imejaa rangi.

"Mwacheni," mama mkubwa akasema. "Aliambiwa na mimi."

Hawakumwelewa. Mama mzee aliyevaa kanga na malapa, aambie mafundi nini? Ikabidi arudie mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mpaka msimamizi akaja kumshika mkono amtoe pale.

Bwana wa makumbusho alifika kabla ya saa tano. Alipanda kwenye bati akiwa na taulo, akamshusha kinda aliye hai, akamkagua mabawa na miguu. "Huyu hajavunjika. Arudishwe juu sasa hivi, mama yake anamwona." Alipogeuka, alimwuliza mama mkubwa bila ukali wowote: "Tulihesabu kuanzia lini?"

"Yai la kwanza."

"Kozi haatamii yai la kwanza, mama. Analiacha limelala tu. Husubiri mpaka la tatu, ndipo anakalia kweli, ili watoke pamoja. Hapo umetangulia siku tano." Kisha akajilaumu. "Nilipaswa kukwambia. Nilidhani… Kosa ni langu pia."

Siku tano. Mimi nilikuwa na siku hizo tano. Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, nikaziandika kwa mkono wangu, na nikatazama zikipigwa mstari.

Fundi yule yule ndiye aliyekubali kumrudisha kinda. Alipanda akiwa na boksi la kadibodi kifuani, na jike akamshukia kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata. Tulisikia kishindo cha kucha kwenye kofia ngumu hadi chini. Alimweka, akafunika uso kwa mkono, akavutwa juu. Sikio lake lilikuwa linachuruzika damu. "Ana haki," akasema tu, akaenda kunawa.

Alasiri mama mkubwa aliketi ukingoni mwa kitanda chake, bado amevaa malapa. Nilimletea maji, hakuyagusa.

"Nilikuwa nawapeleka kwa daktari awatundikie dripu ya kuanzisha uchungu," akasema. "Waliopitisha tarehe."

"Binadamu ni tofauti, mama. Hesabu yenu ilikuwa sahihi."

"Najua ni tofauti. Hesabu naijua." Alinitazama kwa lile jicho jipya, ambalo lilikuwa bado jekundu kwenye kona. "Lakini walikuwa wananiambia. Mmoja anasema, mama, sijisikii bado. Mwingine, mama, siku zangu huwa ndefu. Nami nazungusha ile kalenda. Wale wa tarehe tisa ndio wanaonisimamisha sokoni. Hao wengine hawaji kunisalimia. Ni wangapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna, na nikaona kwamba ningekuwa namfanyia lile lile alilowafanyia wao. Nikaketi kando yake. Tukakaa hivyo mpaka jua likahama ukutani.

Siku mbili nzima hakukaribia darubini. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, msimamizi alipiga simu. Hakuwa na hasira. Nadhani hiyo ilimwumiza zaidi. "Mama, sikuharakishi. Ila wenye jengo wananiuliza. Niwaambie lini?"

Mama mkubwa aliitazama simu mkononi mwake, kisha akanitazama mimi. "Ngoja," akamwambia. "Nakupa mwenzangu."

Nilichukua simu, nikainamia darubini. Makinda wawili walikuwa ukingoni. Yule aliyerudishwa alikuwa amejishikiza kwa kucha, akipiga mabawa kwa nguvu, mwili ukiinuka kidogo kisha ukirudi.

"Bado," nikasema.

"Bado mpaka lini, dada yangu?"

"Sina tarehe. Nitakupigia nikiona ukingo mtupu."

Alipumua kwa nguvu, akasema sawa, akakata. Nyuma yangu nilisikia kiti kikivutwa. Mama mkubwa alikaa, sio kwenye darubini bali kando yangu, mikono mapajani, kama wale wanawake walivyokuwa wakikaa kwenye benchi lake.

"Unaona nini?"

"Vinyoya vyeupe. Kichwani, na kidogo mapajani."

"Vingi?"

"Kwa mdogo ni vingi. Mkubwa amebakiza kichwani tu. Sasa anajikuna. Kinyoya kimoja kimepeperuka, kinakwenda upande wa lile bati."

Nilidhani angeniuliza tena, nikasubiri. Hakuuliza.

"Endelea," akasema. "Nakusikiliza."