Fundi wa Kabureta Aliyebaki Peke Yake Chapwa

Saa moja asubuhi, Wilbard Simfukwe amelala chali chini ya Land Rover 109 katika gereji yake ya Chapwa, mjini Tunduma. Anakaza boliti za springi huku akijisemea kila anachokifanya. Hakuna mwingine wa kumsikia.

"Nikinyamaza kutwa nzima, jioni sauti inagoma kutoka," anasema mzee huyu wa miaka 61.

Mwenzake wa miaka mingi, Sadoki, alihamia Mkwajuni kutengeneza pikipiki za wachimbaji. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na watoto wako Ndola, Zambia. Zamani gereji ilipokea magari kumi na mawili kwa mwezi. Siku hizi yakija mawili, anamshukuru Mungu.

Gari hili ni la Faudhia, mfanyabiashara wa mpunga, aliyeachiwa na marehemu baba yake. Mwezi uliopita alilileta pamoja na matairi mapana na pampu ya mafuta ya gari la kisasa, akataka vyote vifungwe siku hiyo hiyo.

Wilbard alimketisha kwenye benchi, akamweleza taratibu. Waanze na springi na shokapu, maana gari lililochoka chini halisaidiwi na matairi. Yale mapana yangekwaruza madigadi kila akikata kona. Pampu aliikataa kabisa, kwa sababu kabureta ya zamani, inayochanganya petroli na hewa, isingehimili nguvu yake.

"Mwanangu, petroli itafurika, imwagikie injini ya moto. Hii sikufungii."

Faudhia alinuna, akalipeleka gari kwa fundi mwingine, aliyeifunga ile pampu. Ndiye aliyekuwa mteja pekee mwezi ule. Wilbard anakiri kwamba siku tatu zilizofuata alifungua gereji, akakaa, akafunga, akijiuliza kama hakujifukuzia riziki kwa mdomo wake mwenyewe.

Siku ya nne simu iliita. Faudhia alikuwa amekwama karibu na eneo la Mpemba, nje ya mji. Gari lilikuwa limeanza kunuka petroli, akakumbuka maneno ya mzee, akazima injini na kuruka nje. Wilbard alifika kwa bodaboda, akamkuta ameketi kwenye majani mbali na gari. Hakumlaumu. Aliketi naye mpaka akatulia, ndipo wakatafuta wa kulivuta.

"Baba aliliendesha miaka thelathini," anasema Faudhia. "Mimi ningeliteketeza kwa wiki moja."

Siku tano za matengenezo amekuwa akija na chupa ya chai na chapati, wakinywa pamoja na kusimuliana habari za marehemu. Leo kazi imekwisha. Anaaga, anaondoka. Wilbard anasimama mlangoni mpaka mlio wa injini unapotea, kisha anarudi kuokota spana, moja moja.

Anafikiria kuhamia kijijini Ihanda. Amepata kiwanja kidogo kando ya njia ya kwenda sokoni, penye wakulima wenye magari makuukuu kama anayoyajua.

"Kazi inaweza isiongezeke," anasema. "Lakini pale watu wanapita. Hata asiye na gari atanisalimia."